Daktari Anamwandikia Nani?

Wenzangu walioko kwenye vituo ambavyo bado vinatumia mafaili huniuliza kila tukikutana: huo mfumo wa kompyuta unapunguza kazi au unaongeza? Huwa nawajibu kwamba kazi ya kuandika iko palepale, ila aliyebadilika ni mtu ninayemwandikia. Wengine hucheka wakidhani nakwepa swali. Ngoja nijieleze kwa kirefu kidogo.

Nafanya kazi kwenye hospitali moja iliyo kando ya barabara ya kutoka Uyole kwenda Kyela, ukanda wa ndizi, chai na mvua isiyojua kupumzika. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu yanayotupata sisi nimeyasikia pia kwa wenzangu wa Njombe, Iringa na Mufindi. Nilianza kazi na kalamu pamoja na faili la kaki. Kompyuta zilikuja baadaye, zikawekwa moja kila chumba, tukapewa mafunzo ya haraka haraka na pasiwedi, kisha tukaambiwa kuanzia Jumatatu hakuna karatasi.

Sitaki nieleweke kwamba nayasifu mafaili. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na unyevu, mafaili yakiota ukungu na panya wakijitafutia riziki humo humo. Mgonjwa akirudi baada ya miezi kadhaa, mtu wa kumbukumbu anazama ndani, anatoka mikono mitupu, na mgonjwa anafunguliwa faili jipya kana kwamba kazaliwa leo. Majibu ya maabara yalikuwa vikaratasi vilivyobanwa kwa pini. Kikichomoka kimoja, ndiyo imetoka hiyo. Filamu ya eksirei aliibeba mgonjwa mwenyewe kwenye bahasha, akaikunja apate nafasi kwenye gari, mvua ikamkuta Kiwira, na ikinifikia ina mistari ambayo haimo kwenye mapafu ya mtu yeyote. Miandiko yetu nayo, tusidanganyane. Mtu wa famasi alikuwa anasoma herufi mbili za mwanzo na kukisia zilizobaki. Siku hizi anaona jina la dawa, dozi na idadi ya siku kwa herufi zinazosomeka. Kwa hilo peke yake, sitaki kurudi kwenye kalamu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Daktari tarajali mmoja aliniita nitazame majibu ya mama mwenye presha anayehudhuria kliniki yetu. Kila kipimo chake cha figo kikitazamwa peke yake kilikuwa ndani ya kiwango au kimezidi kidogo tu, na kila daktari aliyekiona alikiacha kipite. Kijana yule alikuwa ameyafungua yote kwa pamoja, yamejipanga mstari mmoja kwenye skrini: kreatinini, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, ilikuwa inapanda kila mama akija. Tulipomdadisi tukaambiwa anameza diklofenaki za dukani, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kwa ajili ya magoti, asubuhi na jioni, juu ya vidonge vya presha. Magoti yalikuwa yanamuuma kweli, maana nyumbani kwake ni mlimani na maji yako bondeni. Tukamwachisha diklofenaki, tukampa parasetamoli, na kipimo kilichofuata hakikupanda tena. Kwa vile vikaratasi vya pini, hakuna ambaye angeunganisha hayo.

Shida inaanza ukiangalia mfumo unadai nini na unasamehe nini. Ninapofungua ukurasa wa mgonjwa, kuna sehemu ya malalamiko yake, yaani anaumwa nini, tangu lini, kulianzaje. Hapo naweza kuweka nukta moja na mfumo ukanipitisha. Msimbo wa ugonjwa, yaani herufi na namba zinazousimamia, nikiuacha wazi, mfumo unanikatalia kuendelea. Aliyeutengeneza alijua anachokitaka, na anachokitaka si kisa cha mgonjwa.

Misimbo yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya Shirika la Afya Duniani. Tunayoitumia sisi ni ya toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, ingawa toleo la 11 lilianza rasmi mwaka 2022. I10 ni shinikizo la damu, E11 ni kisukari cha ukubwani, B54 ni malaria isiyobainishwa. Bila misimbo, wilaya isingejua inaumwa nini wala bohari isingejua ilete dawa gani. Takwimu za vituo vyetu zinapelekwa kwa njia ya kompyuta nchi nzima tangu mwaka 2013, na kabla ya hapo mtu alikuwa anakaa na kikokotoo mwisho wa mwezi akijumlisha vistari kwenye daftari. Nimeifanya kazi hiyo. Haikosewi kwa bahati mbaya, inakosewa kwa uchovu.

Ila msimbo una tabia ya kugeuka hukumu. Kijana anakuja na maumivu ya tumbo, nadhani ni asidi tu. Nikiandika R10, yaani maumivu ya tumbo, halafu nikamwandikia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, madai ya bima yanaweza kurudi yamekatwa: dawa haiendani na ugonjwa. Mhasibu anakuja na karatasi yenye alama nyekundu. Daktari akishaitwa hivyo mara kadhaa anajifunza kuandika K27, vidonda vya tumbo, ili karatasi isirudi. Hajadanganya sana, anajiambia. Lakini yule kijana hakuwahi kupimwa kwa kamera, na sasa kila daktari atakayefungua ukurasa wake atasoma kwamba ana vidonda vya tumbo. Yeye mwenyewe ameshaambiwa, ameacha maharage, ameacha pilipili, anamweleza mchumba wake kwamba ana vidonda. Nimekutana na vijana wengi wa namna hiyo, na ninavyoamini mimi, baadhi ya vidonda hivyo vilizaliwa ofisi ya madai.

Aliyenifungua macho zaidi ni mwalimu mmoja mstaafu. Aliletwa na binti yake kwa sababu jioni jioni mzee alikuwa anatoka jasho jingi na kuongea maneno yasiyounganika, kisha asubuhi anaamka mzima. Kijijini walishaanza kunong'ona kwamba karogwa na mtu wanayegombea naye mpaka wa shamba. Ni mgonjwa wetu wa kisukari, anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Nikafungua kumbukumbu zake. Kila hudhurio lilikuwa na maelezo marefu, yaliyopangika, na kila hudhurio lilikuwa na sentensi ileile, "Havuti sigara, hanywi pombe", mpaka na kosa la herufi lilelile.

Wakati huo skrini yangu ilikuwa inanitazama mimi peke yangu. Mwalimu, kwa tabia za ualimu, hakuvumilia mtu asome kitu mbele yake bila yeye kukiona. Akaburuta kiti mpaka upande wangu, akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya koti, akaanza kusoma.

"Mwanangu, hapa nani kaandika sinywi?"

"Imeandikwa tangu hudhurio la kwanza, Mwalimu."

"Sijaulizwa na mtu. Kimpumu nakunywa. Jioni, na wenzangu."

"Baba!" binti yake akasema.

"Nimeulizwa, nimejibu."

Kimpumu ni pombe ya kienyeji ya huku. Basi fumbo likafunguka. Ini ndilo linalotoa sukari ya akiba mtu anapokuwa na njaa. Pombe hulizuia kufanya hivyo. Glibenklamaidi kwa upande wake haijui kwamba mzee hajala, inaendelea kukamua insulini. Mwalimu alikuwa anameza kidonge chake mchana, anashinda shambani, jioni anakaa kwenye kimpumu na wazee wenzake, chakula anakuja kula usiku. Sukari ilikuwa inaporomoka. Tukamtoa kwenye dawa ile, tukakaa yeye, binti yake na mimi tukapanga habari ya kula kabla ya kwenda kwa wenzake, na kwamba kimpumu chenyewe kipungue. Alikubali nusu, kama wazee wanavyokubali. Habari ya uchawi ikaisha yenyewe.

Ile sentensi ilitoka wapi? Ilikuja na kiolezo. Mfumo una ukurasa uliojazwa tayari kwa mgonjwa wa kisukari, daktari anatakiwa arekebishe panapohusika. Halafu una kitufe cha kuvuta maelezo ya hudhurio lililopita. Foleni ikiwa imefika kwenye veranda na mtoto wa degedege anasubiri chumba cha pili, nani hatakibonyeza? Kwa kalamu mtu alikuwa anaandika maneno machache, wakati mwingine mstari mmoja usiosomeka, lakini ule mstari aliuandika siku ile, kwa mgonjwa yule. Sasa tuna kurasa ndefu safi ambazo hakuna aliyeziandika.

Tangu siku ya Mwalimu niliigeuza meza. Skrini inakaa pembeni, mgonjwa akiona ninachoandika. Asiyejua kusoma namsomea kwa sauti: nimeandika kikohozi wiki tatu, ni sawa? Utashangaa wanavyosahihisha. "Si wiki tatu, Dokta, tangu tulipovuna mahindi." "Huyo si mume wangu, ni shemeji, mume yuko Chunya machimboni." Inachukua dakika zaidi, na wapo wenzangu wanaosema najichelewesha. Lakini mgonjwa akishaona jina lake limeandikwa na maneno yake yamo, anasema na lile alilokuwa amepanga kumwambia nesi nje.

Majina nayo ni habari nyingine, na wa huku watanielewa. Andika "Mwaka" kwenye sehemu ya kutafutia uone skrini inavyojaa: Mwakalinga, Mwakyusa, Mwakasege, Mwakatobe. Weka Neema au Atupele mbele yake, bado unabaki na lundo. Karani aliyekulia Pwani anaandika anavyosikia, kwa hiyo Mwakyusa anakuwa Mwakiusa, na mfumo kwake hao ni watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa haisaidii, kwa sababu bibi asiyeijua yake anapewa tarehe 1 Januari. Ukiamini kompyuta yetu, nusu ya wazee wa hapa walizaliwa siku moja. Namba ya simu ni ya mjukuu aliyeko Dar es Salaam. Karani akishindwa kumpata mtu, anafungua namba mpya, maana foleni haimsubiri.

Usiku mmoja wodi ya wazazi tuliletewa mama anayevuja damu. Kwenye mfumo alionekana mgeni kabisa. Sista mkongwe wa zamu akamwangalia usoni, akasema, "Huyu si mgeni. Alijifungua hapa kwa upasuaji, ni mkwe wa yule mzee wa kinu." Wakamtafuta kwa jina la baba yake, wakakuta namba ya kliniki, wakamtafuta kama Mama Lusajo, wakakuta nyingine, na hiyo ndiyo ilikuwa na habari za upasuaji. Damu tulipima upya kama inavyotakiwa, lakini kujua kwamba ana kovu la upasuaji kulibadilisha tulichokuwa tunakitafuta. Siku hizi mapokezi wanauliza pia kijiji cha baba mkwe na jina la bibi, wanaliweka kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Mwenye namba ya NIDA tunashukuru. Ila anayekuja saa nane usiku kwenye bodaboda hakumbuki kitambulisho.

Malipo sitayasema mengi. Kipimo nikikiagiza, maabara hawakioni mpaka dirisha la malipo liruhusu. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wana msamaha kwa sera, na msamaha nao unataka mtu wa kuubonyeza. Kwa dharura tunafanya kama zamani, yaani unapiga kelele kwenye korido, maabara wanapima, tunaandika baadaye. Umeme ni hivyo hivyo. Radi za huku zinajulikana, jenereta linapeleka nguvu kwanza chumba cha upasuaji, mashine za oksijeni na friji ya damu, na kompyuta yangu haimo kwenye orodha hiyo. Wala haistahili kuwemo.

Kinachowachosha wauguzi ni kuandika kitu kimoja mara nyingi. Mama akijifungua, sista anajaza patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, anajaza kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa serikali, anajaza kadi ya mama na ya mtoto, halafu anakaa kwenye kompyuta kujaza tena yaleyale. Tuliahidiwa karatasi zitaondoka. Hazijaondoka, zimepata mwenzao.

Kuna jambo moja nimebadilisha msimamo wangu. Nyanda hizi zina VVU kuliko sehemu kubwa ya nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima katika Njombe na Iringa. Kumbukumbu za wanaotumia dawa ziko kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa wenye VVU, na hazionekani kwenye kompyuta ya chumba changu. Mwanzoni hilo lilinikera. Nina sababu ya kitabibu: mgonjwa wa kifua kikuu ninayemwanzishia rifampisini, kama anatumia dolutegravir, dawa ya VVU, lazima hiyo aimeze mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa sababu rifampisini inaipunguza mwilini. Nisipojua, virusi vinapata upenyo. Nikawa nadai kumbukumbu ziunganishwe.

Halafu nikaanza kuangalia nani anafungua nini. Karani wa mapokezi ni jirani wa mgonjwa. Mhasibu anasali naye kanisa moja. Pasiwedi ya chumba namba mbili imebandikwa kwa gundi chini ya kibodi, na wote wa zamu wanaijua. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka siri hiyo ilindwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria nzuri, lakini hazijui ile gundi. Kwa hiyo kwa sasa nasema ziache zitengane. Nafunga mlango, naigeuza skrini, nawaomba waliomsindikiza watoke, nauliza kwa mdomo, na kama jibu ni ndiyo nampigia mwenzangu wa CTC tupange dozi. Siku pasiwedi zitakapokuwa za mtu mmoja mmoja, na kila anayefungua ukurasa akaacha jina lake, nitaunga mkono ziunganishwe.

Rufaa ndiyo inayonirudisha kwenye jibu langu kwa wale wenzangu. Mgonjwa akizidi uwezo wetu anakwenda Mbeya, na mama mjamzito anapelekwa Meta, hospitali ya wazazi ya hukohuko. Mifumo haisomani, kwa hiyo tunachapa karatasi. Ukurasa unaotoka una namba ya mgonjwa, msimbo, orodha ya dawa na gharama. Tulikuwa na binti wa mimba ya kwanza, presha 170 juu ya 110, amepata degedege akiwa wodini. Tulimpa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege ya mimba, tukaita gari, na wakati dereva anawasha injini nikaandika nyuma ya ile karatasi kwa kalamu: kichwa kilianza kuuma lini, degedege ilichukua muda gani, mkojo kiasi gani, na dozi ya magnesiamu kapewa saa ngapi.

Daktari aliyempokea alinipigia alfajiri. Mama yuko salama, alisema, ila kuna kitu hakielewi. Dozi ya kuendeleza hutolewa kila baada ya saa nne. Ukurasa wa mbele unasema magnesiamu imetolewa saa kumi na dakika arobaini, nyuma nimeandika saa tisa kasoro. Afuate ipi?

Nikamwambia afuate ya nyuma. Ya mbele ni saa ambayo sista alipata nafasi ya kukaa kwenye kompyuta.

Tukalipeleka suala hilo kwa kijana wa TEHAMA. Tulitaka mfumo utuulize dawa imetolewa saa ngapi, usijiandikie wenyewe saa tuliyobonyeza, na karatasi ya rufaa ianze na maelezo ya daktari kabla ya misimbo. Alituelewa, hata akatuchorea itakavyokaa. Lakini mabadiliko hayafanyiki hapa, alisema, yanaombwa huko juu, na yanaombwa kwa barua. Barua imeshaandikwa, mganga mfawidhi ameipiga muhuri, na inasubiri gari la kwenda mjini.